Nguzo pekee haiokoi jino lililotibiwa mzizi

MAMA mmoja alikuja kuniona majuzi kuhusu shinikizo la damu. Nilipokuwa nikimwandikia dawa aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: “Daktari, gego langu limetibiwa mzizi. Sasa dada yangu ananishauri nitiwe nguzo ndani ya jino. Anasema nguzo hiyo italifanya liwe imara kuliko hata yale mazima, na kwamba sitahitaji tena kugharamia kofia. Je, ni kweli?”

Jibu langu lilikuwa fupi: si kweli. Nguzo haiongezi jino nguvu. Ina kazi nyingine kabisa, na mtu asipoielewa kazi hiyo huenda akalipoteza jino ambalo ametumia pesa nyingi kuliokoa. Kwa vile watu wengi wa mijini siku hizi huchagua kutibiwa mzizi badala ya kung’olewa jino, nimeona tulizungumzie jambo hili juma hili.

Nianze kwa kukiri mambo mawili. Kwanza, mimi si daktari wa meno. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, na haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenzangu walio na ujuzi huo. Pili, mimi mwenyewe niliwahi kuwa na imani kama ya dadake mama huyo, na imani hiyo ilinigharimu gego.

Gego langu lilivyopasuka

Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limeoza hadi ndani. Nilikesha siku mbili kwa maumivu kabla ya kwenda kutibiwa. Daktari wa meno alinidunga sindano ya ganzi, akalisafisha jino, akaijaza mizizi yake na kuliziba kwa muda. Aliniambia nirudi baada ya majuma machache ili livikwe kofia.

Sikurudi. Maumivu yalikuwa yamekwisha, karo za watoto zilikuwa mlangoni, na kila mwezi nilijiambia nitakwenda mwezi ujao. Miezi minane ikapita. Jioni moja nikiwa nyumbani nikila mahindi ya kuchoma, nilisikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika. Sikuhisi uchungu wowote. Kesho yake daktari aliliangalia jino, akanionyesha ufa uliolikata kuanzia juu hadi katikati ya mizizi miwili.

Nilimwomba atie nguzo ili vipande vishikane. Alinijibu kwa upole: “Daktari, ukipigilia msumari kwenye ubao uliopasuka, je, ubao utaungana au utazidi kupasuka?” Jino lilitolewa siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza haya ninayokueleza leo.

Kinachofanywa wakati wa kutibu mzizi

Ndani ya kila jino mna uwazi mdogo wenye neva na mishipa ya damu. Uwazi huo huteremka ndani ya mizizi kama mifereji myembamba. Uozo unapofika humo, viini huingia, neva huvimba na kuuma, na baadaye hufa. Usaha huweza kujikusanya kwenye ncha ya mzizi.

Daktari hutoboa tundu juu ya jino, huondoa neva iliyougua, huisafisha mifereji na kuipanua kidogo kwa vifaa vyembamba, huiosha kwa dawa ya kuua viini, kisha huijaza kwa aina ya utomvu wa mti uitwao gutapacha. Maumivu hukoma kwa sababu chanzo chake kimeondolewa.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiona maumivu yamekoma hudhani kazi imekwisha. La hasha. Kilichomalizika ni sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili ni kulijenga upya jino ili liweze kutafuna bila kuvunjika na bila kuvujisha mate hadi kwenye mifereji. Kizibo cha muda hakikuundwa kukaa miezi. Kikilegea, mate hupenya pamoja na viini, na mzizi uliosafishwa kwa taabu huanza kuoza tena.

Kwa nini jino hilo huvunjika?

Huenda umesikia watu wakisema kwamba jino lililotolewa neva hukauka kama tawi lililokatwa, na ndiyo sababu huvunjika kwa urahisi. Hata sisi madaktari tuliamini hivyo kwa miaka mingi. Mwaka wa 1992 watafiti wawili walichapisha matokeo ya kupima meno 23 yaliyotibiwa mzizi. Waliyalinganisha na mazima ya aina iyo hiyo yaliyotoka upande wa pili wa kinywa cha mtu yule yule. Waliona tofauti ndogo mno. Ukavu si sababu kuu.

Sababu kuu ni kwamba sehemu kubwa ya jino haipo tena. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 1989 huko Marekani ulieleza jambo hili kwa tarakimu ambazo mtu hawezi kuzisahau. Watafiti walipima jinsi jino linavyostahimili kupindika linapokandamizwa. Kutoboa tundu la kutibia mzizi kulipunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 tu. Lakini uozo ulipohitaji kukatwa juu pamoja na kuta zote mbili zinazogusana na meno jirani, ukakamavu ulipungua kwa asilimia 63.

Fikiria sanduku la mbao. Ukitoboa tundu kwenye kifuniko chake, sanduku bado litasimama imara. Ukiziondoa mbavu mbili zinazokabiliana, zile mbili zilizobaki zitayumba kila unapozisukuma. Gego nalo ni vivyo hivyo. Kila unapotafuna, ncha zake hutanuka na kurudi, hutanuka na kurudi, hadi siku moja ufa unatokea.

Kuna jambo jingine. Neva ndani ya jino ni kama mlinzi. Ukiuma jiwe kwenye maharagwe, taya huachia mara moja. Jino lisilo na neva hubakiwa na hisia za nje ya mzizi peke yake, na uchunguzi uliofanywa Uswidi katika miaka ya themanini ulionyesha kwamba meno ya namna hiyo hubebeshwa mzigo mzito zaidi kabla ya mwenyewe kutambua. Ndiyo maana sikuhisi kitu gego langu lilipopasuka.

Nguzo ni nini, na kazi yake ni ipi?

Nguzo ni kijiti kigumu, chembamba, kinachotiwa ndani ya mfereji wa mzizi uliokwisha kutibiwa na kushikizwa kwa simiti au gundi maalum. Sehemu yake ya juu hutokeza nje ya mzizi. Juu ya sehemu hiyo daktari hujenga kiini kipya cha jino, na juu ya kiini hicho huvika kofia, ambayo wengine huiita taji.

Kwa hiyo kazi ya nguzo ni kukishikilia kiini pale ambapo jino limebaki kidogo mno hivi kwamba kiini hakina pa kushika. Ni hiyo tu. Haiufanyi mzizi kuwa imara zaidi. Isitoshe, ili kuipatia nafasi, mara nyingi daktari hulazimika kuchimba na kupanua mfereji, na kila anapochimba huondoa dentini, yaani sehemu ya ndani ya jino. Dentini ndiyo hiyo hiyo inayofanyiza sehemu kubwa ya pembe ya ndovu. Ndiyo nguvu yenyewe ya jino. Ikishaondolewa hairudi.

Wazo la kutia nguzo si la jana. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha udaktari wa meno kilichotoka mwaka wa 1728, alieleza jinsi ya kushikiza meno ya bandia kwa vijiti vya madini vilivyoingizwa mizizini. Baadaye wengine walitumia vijiti vya mbao. Mbao zilifyonza mate, zikafura, na mizizi ikapasuka. Karne nyingi zimepita, lakini funzo halijabadilika: kitu chochote kinachosukuma mzizi kutoka ndani huweza kuwa kabari, sawa na ile inayotumiwa kupasulia magogo.

Mwaka wa 1984 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa meno 1,273 yaliyotibiwa mzizi. Nguzo hazikuonekana kuyaongezea meno uwezo wa kudumu. Kilicholeta tofauti kubwa kwa magego ni kufunikwa juu. Uchunguzi mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002 uliona kwamba meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvikwa kofia yalipotea kwa kasi ya mara 6 kuliko yale yaliyovikwa.

Noleo la kisu

Hapa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Chukua kisu cha mpini wa mti. Pale ubao unapoingia mpinini, mafundi wa zamani walivika pete ya chuma. Wazee wa Pwani huiita noleo. Bila noleo, mpini hupasuka siku ya kwanza ukikata kitu kigumu. Noleo huukumbatia mti kwa nje na kuuzuia usitanuke.

Kofia ya jino hufanya kazi hiyo hiyo, lakini kwa sharti moja. Ni lazima ukingo wake ukumbatie jino la asili, si simiti wala kizibo peke yake. Madaktari wa meno hupenda kuwe na ukuta wa dentini wa kama milimita 2 kwenda juu, kuzunguka jino, juu ya mahali ukingo wa kofia unapokomea. Milimita 2 ni kitu kidogo sana, takriban unene wa sarafu. Lakini katika majaribio mengi ya maabara, ukuta huo mdogo umeonekana kulinda mzizi dhidi ya kuvunjika kuliko urefu au aina ya nguzo.

Ukuta huo ukikosekana, kila unapouma kofia huvuta kiini, kiini huvuta nguzo, na nguzo huusukuma mzizi kwa ndani. Matokeo yake ni mawili: ama nguzo hung’oka na kofia kuanguka, ama mzizi hupasuka. La kwanza hurekebishika. La pili mara nyingi humaanisha koleo.

Chuma au nyuzi?

Kuna nguzo za chuma cha pua, za titani, za madini yaliyosubuliwa kwa umbo la mfereji wa mgonjwa, na za nyuzi. Za nyuzi zilianza kuelezwa huko Ufaransa mwaka wa 1990, zikiwa za kaboni nyeusi. Siku hizi nyingi ni za nyuzi za kioo, nyeupe, ambazo hazionyeshi weusi kwenye meno ya mbele.

Chuma cha pua ni kikakamavu takriban mara kumi kuliko dentini. Jino linapopindika kidogo kwa kutafuna, chuma hakipindiki nalo, na mkazo hujikusanya pale nguzo inapokomea ndani ya mzizi. Nguzo ya nyuzi iko karibu zaidi na dentini kwa tabia, hupindika pamoja nayo. Kwenye maabara, jino lenye nguzo ya chuma mara nyingi hubeba mzigo mkubwa zaidi kabla ya kushindwa, lakini likishindwa mzizi huwa umepasuka. Lenye nguzo ya nyuzi aghalabu hushindwa kwa gundi kuachia au kiini kuvunjika, jambo linaloweza kurekebishwa.

Hata hivyo usidhani kwamba nyuzi ni dawa ya kila kitu. Kinywani mwa binadamu tofauti hiyo haikuonekana kuwa kubwa kama ilivyo maabarani. Nguzo ya nyuzi katika jino lisilo na ukuta wa dentini nayo itashindwa. Na nguzo zenye nati kama skrubu, zinazokazwa ndani ya mzizi, huongeza hatari ya kupasua.

Jino lipi lahitaji nini?

Gego lililotibiwa mzizi mara nyingi halihitaji nguzo. Lina uwazi mkubwa ndani unaoweza kukishika kiini, na kuta zake zikiwa mbili au tatu bado nzima, kiini hukaa bila shida. Linachohitaji ni kufunikwa ncha zake, kwa sababu ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kutafuna.

Jino la mbele ambalo halikuoza sana, labda lililotibiwa kwa sababu ya kugongwa, huenda likatosheka na kizibo kizuri tu, bila nguzo wala kofia. Kulichonga ili kulivika kofia ni kulipunguzia nguvu bure. Lakini jino la mbele lililobaki kisiki huhitaji nguzo, kwa kuwa halina pengine pa kukishika kiini.

Magego madogo, yale yaliyo kati ya chonge na magego makubwa, ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mizizi yake ni myembamba na kofia huhitajika mara nyingi. Kama nguzo itatiwa, iwe nyembamba, na mfereji usichimbwe kupita kiasi.

Popote nguzo inapotiwa, daktari hubakisha milimita 4 hadi 5 za gutapacha kwenye ncha ya mzizi ili viini visipenye. Hilo huonekana kwenye picha ya eksirei, nawe una haki ya kuonyeshwa.

Ikiwa huna pesa za kofia sasa

Najua kofia si kitu rahisi kwa mfuko. Lakini usikae kimya kama nilivyokaa mimi. Mwambie daktari wako ukweli. Anaweza kupunguza ncha za gego na kuzifunika kwa kizibo imara kinachoyakinga mapande ya jino yasitanuke, nawe ukaweka akiba polepole. Kabla ya hapo, tafunia upande wa pili, na uachane na mahindi makavu, mifupa, miwa na kufungua chupa kwa meno. Bima nyingi zina viwango vyake kuhusu kofia, kwa hiyo uliza kabla ya kuanza kutibiwa.

Aidha, kuna wakati ambapo kauli ya uaminifu ni kuling’oa jino. Kama uozo umeteremka chini ya ufizi na hakuna ukuta wowote wa kukumbatiwa, kutia nguzo na kofia ni kujenga nyumba kwenye mchanga. Daktari anayekuambia hivyo mapema anakuokolea pesa zako. Waweza kumwomba mwingine atoe maoni yake, lakini usimlaumu.

Maswali ya kumuuliza daktari wako

Kabla hujakubali kutiwa nguzo, uliza haya:

1. Je, jino langu limebakiwa na kuta ngapi nzima, na kwa kimo gani juu ya ufizi?

2. Je, kiini hakiwezi kushika bila nguzo?

3. Kofia itakumbatia jino la asili, au kizibo tu?

4. Nguzo ni ya aina gani, na je, ikishindwa yaweza kutolewa?

5. Kofia itavikwa lini? Isikawie majuma mengi pasipo sababu.

Hakikisha pia kwamba anayekutibu ni daktari wa meno aliyesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno nchini, na kwamba ana leseni ya mwaka huu. Kazi ya kuchimba ndani ya mzizi haitaki kubahatisha.

Dalili za kutoziacha

Ikiwa tayari una jino lenye nguzo, rudi kwa daktari upesi ukiona kofia imelegea au imeanguka zaidi ya mara moja, ukihisi maumivu unapouma mahali pamoja, ufizi ukivimba au ukitoa kijipu kinachopasuka na kurudi, au ukionja ladha mbaya upande huo. Huenda mzizi una ufa. Ufa mwembamba hauonekani kila mara kwenye picha, kwa hiyo mweleze daktari kila unachohisi. Kofia iliyoanguka usiirudishe mwenyewe kwa gundi ya dukani. Ifunge kwenye karatasi, uende nayo.

Mama yule niliyemtaja alirudi kwa daktari wake akiwa ameyaandika maswali haya kwenye karatasi. Aliambiwa kwamba kuta tatu za gego lake bado ni nzima na kwamba hahitaji nguzo hata kidogo. Pesa alizokuwa amepanga kulipia nguzo alizielekeza kwenye kofia, nayo ilivikwa kabla ya mwezi kwisha.

Mimi hadi leo hutafunia upande wa kulia. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Msomaji, kama una jino lililotibiwa mzizi nalo lingali na kizibo cha muda, usingoje mahindi ya kuchoma yakukumbushe. Piga simu kesho asubuhi.